Cheni na Friwili za Gia Tofauti: Kipi Kinaoana na Kipi Hakioani Kwenye Baiskeli ya Mkulima

Leo tunaacha kidogo mbegu na viuatilifu, tuongelee baiskeli. Hapa Kinjumbi ufuta wa wengi hautoki shambani kwa gari. Unatoka kwa baiskeli, gunia limefungwa kwenye keria, mpaka ghala la AMCOS. Cheni ikiruka ukiwa unapanda mlima na mzigo, unaanguka na gunia linapasuka. Ufuta ukishamwagika mchangani, hata ukiuzoa, ubora umeshashuka. Kwa hiyo hili nalo ni suala la kilimo.

Tatizo ninalokutana nalo sana ni kuchanganya vipuri. Mtu ana baiskeli ya gia ya mtumba, cheni imekatika, na dukani kuna cheni ya baiskeli ya kawaida tu. Inafungwa, inazunguka, basi anaondoka. Kesho yake inaanza kuruka.

Kwa nini inaingia halafu inasumbua?

Umbali kati ya pini na pini ni uleule kwenye cheni karibu zote: nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ndo maana unaona kama inaoana. Kinachotofautiana ni upana.

Cheni ya baiskeli isiyo na gia ina nafasi ya ndani ya milimita 3 na kidogo. Ya baiskeli ya gia ni kama milimita 2.4, au pungufu kidogo kwa zile za gia nyingi. Sasa ukiweka cheni nyembamba kwenye sproketi nene, meno hayaingii vizuri, cheni inapanda juu na kuruka. Ukiweka cheni nene kwenye friwili ya gia, inasugua sproketi ya jirani na gia haibadiliki.

Hata za gia zenyewe hazilingani. Kadiri sproketi za nyuma zinavyoongezeka, ndivyo zinavyobanana na cheni inavyokuwa nyembamba. Cheni ya gia 6, 7 au 8 ina upana wa nje wa milimita 7 na kidogo. Ya gia 10 ni kama milimita 6.

Vinavyochanganyika

1. Cheni moja inatumika kwa friwili ya gia 6, 7 au 8. Hapa usiwe na hofu.
2. Friwili nyingi za kufunga kwa nyuzi zina nyuzi za aina moja. Hivyo ya gia 6 inaweza kupokelewa na ya gia 7, ila hakikisha cheni haigusi fremu ikiwa kwenye sproketi ndogo kabisa.
3. Gia ya mkononi isiyo na mlio wa "tak tak" inafanya kazi na friwili karibu yoyote, kwa sababu wewe mwenyewe ndo unasogeza mpaka ikae.

Visivyochanganyika

1. Cheni ya baiskeli ya kawaida na friwili ya gia.
2. Gia ya mkononi yenye "tak tak" 7 na friwili ya gia 6 au 8. Kila mlio umepimiwa nafasi yake, kwa hiyo cheni inaweza kukaa katikati ya sproketi mbili. Hapo ndo inaruka ukikanyaga kwa nguvu.
3. Cheni mpya na sproketi iliyolika. Hata namba zikilingana, itaruka tu.

Pima kabla hujanunua

Chukua rula yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini, hesabu vipande 24. Cheni nzima itaishia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 1.5, badilisha cheni mapema ili uokoe friwili. Ikizidi kwa milimita 3, andaa hela ya vyote viwili, maana friwili nayo huwa imeshaliwa.

Kwa hiyo ukienda Somanga au Nangurukuru kununua kipuri, usiseme tu "nipe cheni ya baiskeli". Hesabu sproketi za nyuma, mtajie muuzaji idadi, na beba kipande cha cheni ya zamani mlinganishe. Fanya hivyo sasa, kabla magunia hayajaanza kutoka shambani.

Nawatakia msimu mwema. Makala ijayo tutarudi kwenye ufuta wenyewe: namna ya kuukausha bila kuchanganya na mchanga.