Pareto ya Tanzania: Ua la bustani linalohitajiwa viwandani

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mufindi na Makete hadi milima ya Mbeya, mashamba ya pareto hufunikwa na maua meupe yenye kitovu cha manjano. Mpita njia aghalabu hudhani ni maua ya pambo, na hakosei sana. Pareto ni aina ya deizi, ua la jamii moja na alizeti, na hupendeza kandokando ya njia ya bustani. Tofauti yake ni kwamba ndani ya ua hili mna sumu inayoua wadudu, na mkulima hupata faida kwa kadiri alivyoihifadhi sumu hiyo hadi kiwandani.

Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Ilipoletwa Afrika Mashariki, haikushika mabondeni. Mmea huu hutoa vichipukizi vya maua baada ya kupata usiku wa baridi, chini ya nyuzi joto 16 hivi, kwa siku 10 au zaidi mfululizo. Ndiyo maana hulimwa kwenye mwinuko wa mita 1,800 na kuendelea, na ndiyo maana anayeupanda penye joto huona majani mengi bila ua hata moja. Hapo mbolea haitasaidia kitu.

Upandaji wenyewe si mgumu. Mvua zinapoanza, shina lililokomaa hung'olewa na kugawanywa vipande vyenye mizizi. Kila kipande hupandwa juu ya tuta, sentimita 30 hivi kutoka kwa mwenziwe, kwa kuwa mizizi huoza upesi maji yakituama. Palizi ni ya lazima. Shina likitunzwa huzaa kwa miaka 3 hadi 4.

Kazi kubwa imo katika uchumaji. Kile tunachokiita ua moja la deizi kwa hakika ni kundi la maua madogo mno yaliyosongamana kwenye kitovu, nayo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Sumu nyingi imo katika vijimbegu vilivyo chini ya maua hayo madogo; petali nyeupe, ambazo ndizo huvutia macho, hazina sumu ya kutajika. Basi mchumaji husubiri mpaka robo tatu za kitovu ziwe zimefunguka. Akiwahi, sumu haijatimia. Akichelewa sana, ua huanza kusambaratika.

Huchumwa kichwa cha ua pekee, bila kikonyo, na si wakati wa umande. Kuyarundika maua mabichi katika mfuko wa plastiki ni kuyaharibu, maana hupata joto na kuvunda. Yapasa yatandazwe siku hiyo hiyo, kwa tabaka jembamba. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi hutoa takriban kilo moja ya makavu, na katika kilo hiyo sumu ni asilimia moja au mbili tu.

Kwa mkulima, uangalifu wote huo una maana iwapo malipo yatafika. Kenya kwa miongo mingi iliongoza duniani kwa pareto, kisha wakulima wakakaa muda mrefu bila kulipwa. Wengi waling'oa mashina na kupanda viazi. Leo Tanzania imeipita Kenya, na soko la dunia linaongozwa na Tasmania, nchini Australia, ambako uvunaji hufanywa kwa mashine.

Hapa Rwanda, wakazi wa Musanze, Burera na Nyabihu wanaijua pareto tangu zamani, na wengine huiacha michache karibu na nyumba wakitumaini itafukuza mbu. Matumaini hayo hayana msingi. Ua lililo hai halimwagi hewani sumu ya kutosha kuua mbu. Ni lazima likaushwe na kusagwa. Hata unga wake hupoteza nguvu upesi juani, na hudhuru nyuki na samaki. Anayeusaga nyumbani afunike pua na mdomo, aukung'ute mbali na mizinga na mabwawa, na afanye hivyo jioni, nyuki wakisharudi.