KUZIBA VIUNGO VYA PETROLI KATIKA MOTOKAA-NYUMBA ZA ZAMANI

Katika nchi ya Marekani ziko motokaa kubwa ambazo ni motokaa na nyumba pamoja. Mbele hukaa dereva na injini. Nyuma mna vitanda, jiko, friji, choo na tangi la maji. Mtu hufunga safari na jamaa zake, wakasafiri majuma mengi bila kutafuta mahali pa kulala. Kati ya motokaa-nyumba za zamani, iliyo maarufu sana ni ile iliyotengenezwa na kampuni ya General Motors katika mji wa Pontiac, jimbo la Michigan, tangu mwaka 1973 hata mwaka 1978. Zilitengenezwa zaidi ya 12,000, na nyingi zingali zikitembea barabarani, ingawa umri wake umepita miaka 45. Leo twapenda kueleza jambo moja la ufundi wake, lililo dogo kwa sura na kubwa kwa matokeo, nalo ni namna ya kuziba viungo vya mabomba yapitishayo petroli.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini jambo hili lina hatari katika motokaa-nyumba kuliko katika motokaa nyingine. Petroli yenyewe haiwaki. Kiwakacho ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea, bali huteremka, hutambaa chini na kujikusanya penye shimo au pembe. Tena petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na hewa yenye sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika mia yatosha kushika moto. Sasa tazama hali ya nyumba hiyo itembeayo. Chini ya sakafu yake mna petroli, na juu ya sakafu ile ile mara nyingi mna jiko la gesi, na friji na chombo cha kuchemshia maji ambavyo huwa na ulimi mdogo wa moto uwakao mchana na usiku. Na wenye nyumba wamelala. Tone moja la petroli lidondokalo kila dakika si hasara ya petroli tu.

Safari ya petroli katika motokaa hizo ni ndefu. Matangi mawili, ambayo pamoja huchukua lita 190 hivi, yamefungwa chini ya sakafu. Petroli hutoka humo, hupita penye kilango cha kuchagulia tangi, hufuata bomba refu hata mbele kwenye pampu iliyo penye injini, ndipo ikaingia katika kabureta. Motokaa iliyo na mashine ya kutengenezea umeme huwa na bomba jingine tena. Kila mahali ambapo bomba linakutana na bomba, au bomba linakutana na chombo, pana kiungo chenye hesi, yaani ile mistari izungukayo kama ya parafujo.

Mafundi wengi waanzao kazi, wakiona kiungo kinavuja, hukimbilia dawa ya kuziba na kuipaka po pote wanapoona hesi. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kabla ya kushika dawa yo yote, fundi hana budi kujiuliza swali moja: kiungo hiki huziba mahali gani? Maana viungo vyenye hesi viko vya namna tatu, na si vyote vizibavyo kwa hesi.

Namna ya kwanza ni kiungo chenye hesi iliyochongoka. Ukiitazama vizuri utaona kwamba ncha yake ni nyembamba kuliko shina, kama kizibo cha chupa. Kipimo chake cha Kimarekani kilitokana na kazi ya Robert Briggs, kikakubaliwa na mafundi wa nchi ile mwaka 1886, nacho ni kwamba katika kila inchi 16 za urefu, unene huongezeka inchi moja. Kiungo hiki kikikazwa, huingia kama kabari, chuma kikabana chuma. Lakini hata kikibanwa sana, kati ya mlima wa hesi moja na bonde la nyingine hubaki njia nyembamba izungukayo kama ngazi ya mnara, na petroli huijua njia hiyo. Kwa sababu hiyo kiungo cha namna hii chahitaji dawa, ili njia ile ijazwe.

Namna ya pili ni kiungo cha mdomo uliopanuliwa. Mwisho wa bomba umepanuliwa kama mdomo wa tarumbeta, kwa kawaida kwa pembe ya digrii 45, na nati hulivuta bomba mpaka mdomo ule ukalie kitako chake sawasawa. Hapa kizibacho ni mdomo na kitako, wala si hesi. Kazi ya hesi ni kuvuta tu. Mdomo ukikaa vema, petroli haifiki kwenye hesi hata kidogo. Basi ukiona kiungo hiki kinavuja, ujue kwamba mdomo umepasuka, au umekwaruzika, au una uchafu. Dawa yake ni kukata ncha ya bomba na kuipanua upya. Mtu akipaka dawa penye hesi zake, ataficha ubaya kwa siku chache, na kipande cha dawa chaweza kuingia kati ya mdomo na kitako, kikazidisha kuvuja.

Namna ya tatu ni kiungo chenye hesi iliyonyoka, kizibacho kwa pete ya mpira au ya madini laini. Nati kubwa iingiayo katika kabureta ni ya namna hii. Hapa pia dawa haina kazi. Pete iliyochakaa huondolewa, ikawekwa mpya. Tena kabureta zimetengenezwa kwa madini laini, na mtu akaziye nati hiyo kwa hasira huharibu hesi zote, akalazimika kununua kabureta nyingine. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini azibaye mahali pasipo na ufa, huyo naye atajenga ukuta.

Sasa twende kwenye dawa zenyewe. Watu wengi wanaujua utepe mweupe mwembamba unaozungushwa penye mabomba ya maji. Utepe huo umetengenezwa kwa kitu kiitwacho Teflon, kilichogunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett katika jimbo la New Jersey. Petroli haiuli, na kwa maji ni mzuri sana. Ubaya wake katika petroli ni kwamba kiungo kinapofungwa na kufunguliwa, nyuzi zake hukatika zikachukuliwa na petroli mpaka katika sindano ya kabureta. Uzi mmoja mwembamba kuliko unywele watosha kuizuia sindano isifunge, na petroli ikafurika juu ya injini iliyo moto. Ndiyo sababu mafundi wengi waangalifu hawautumii katika njia ya petroli.

Dawa ya zamani ya gundi ya shelaki, itokanayo na utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ilistahimili petroli ya siku zile. Lakini shelaki huyeyuka katika alkoholi, na petroli nyingi iuzwayo Marekani siku hizi imechanganywa na alkoholi ya mahindi, sehemu 10 katika mia. Sheria za mwaka 2005 na 2007 ziliuongeza mchanganyiko huo. Kwa hiyo kiungo kilichokuwa kikavu miaka mingi chaweza kuanza kutoa jasho bila kuguswa na mtu, na mipira ya zamani nayo huoza kwa sababu hiyo hiyo. Basi kwa hesi zilizochongoka itumiwe dawa laini kama uji mzito, yenye unga wa Teflon, ambayo maandishi ya kopo lake yasema wazi kwamba yafaa kwa petroli na alkoholi. Iko pia dawa igandayo katikati ya chuma na chuma mahali pasipo hewa. Hiyo ni nzuri, ila yataka hesi zisiwe na mafuta, yataka saa kadhaa za kugandia, wala haifai kwa viungo vya plastiki.

Mtu atakaye kuifanya kazi hii na afuate utaratibu huu:

1. Motokaa na iwekwe nje penye upepo, injini ipoe, gesi ifungwe, ndimi zote za moto zizimwe, na waya wa betri ufunguliwe. Chombo cha kuzimia moto kiwe karibu.

2. Dawa ya zamani isuguliwe hata iishe, ndani na nje, na hesi zikaushwe. Kiungo chenye ufa kitupwe.

3. Dawa mpya ipakwe kwenye hesi za kiungo kiingiacho tu, na mzunguko wa kwanza wa ncha uachwe mtupu, ili dawa isisukumwe ndani ya bomba.

4. Kiungo kikazwe kwa mkono mpaka kigome, kisha kwa spana mzunguko mmoja na nusu au miwili. Shaba na alumini zisitendewe kama chuma, maana kabari huweza kupasua. Spana ya pili ishike upande wa pili, bomba lisipindwe.

5. Ikiwa kiungo kimepita pale ulipotaka kielekee, usikirudishe nyuma kidogo, kwa kuwa ukirudisha umeifungua njia. Kifungue chote, usafishe, uanze tena.

Liko tena neno moja litakalowafaa watu wa nchi zetu. Hesi za mabomba katika Afrika ya Mashariki hufuata kipimo cha Kiingereza, kilichotokana na kazi ya Joseph Whitworth ya mwaka 1841, ambacho pembe ya hesi ni digrii 55. Hesi ya Kimarekani ina pembe ya digrii 60. Bomba la nusu inchi lina hesi 14 kwa kila inchi katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo kiungo cha Kiingereza huingia katika cha Kimarekani, kikaonekana kwamba kimekubali. Lakini pembe hazilingani, na kitavuja. Katika bomba la robo inchi, kipimo kimoja kina hesi 19 na kingine 18, na mwenye kulazimisha huharibu vyote viwili. Dawa haiwezi kupatanisha hesi zisizo za namna moja.

Mwisho twapenda kutahadharisha juu ya uvujaji usioonekana. Pampu iliyo mbele huivuta petroli kutoka matangi ya nyuma. Kwa hiyo wakati injini inapofanya kazi, bomba lile refu linavuta, halisukumi. Kiungo kibovu katika sehemu hiyo huenda kisidondoshe tone hata moja, bali hunyonya hewa. Mwenye motokaa huona injini ikikosa nguvu penye mlima, akailaumu kabureta, akabadili pampu, na ugonjwa usipone. Aanze kuvikagua viungo vya nyuma. Ama viungo vilivyo baada ya pampu, hivyo husukumwa, na vikiwa vibovu hudondosha. Ili kuvijaribu, vifutwe vikauke kabisa, injini iwashwe kwa muda, kisha vifutwe tena kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kazi irudiwe. Mtu asitumie kiberiti wala taa ya moto kutafutia petroli, hata kwa nukta moja.

Wengi wa wasomaji wetu hawatamiliki motokaa-nyumba. Lakini iko mashine ya kusaga mahindi, iko pampu ya maji ya shamba, iko pikipiki ya mwalimu. Zote zina mabomba na viungo, na petroli ni ile ile. Twaomba walimu wa kazi za mikono wawaonyeshe wanafunzi namna hizo tatu za viungo, wavishike mikononi, na kila mmoja aseme kiungo alichoshika huziba mahali gani, kabla ya kufunguliwa kopo la dawa.