MOYO: NENO LA BUCHANI NA LA GWARIDENI

Askari aendaye buchani kununua moyo wa ng'ombe, na afisa awaambiaye vijana wake wapige moyo konde, hutumia neno lilelile. Neno hilo lina nasaba ndefu, na sisi tunaotumia Kiswahili kazini kila siku yatupasa kuijua.

Wako wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya Waarabu iliyopanda bara pamoja na misafara. Ni kweli kwamba askari, amri na silaha ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Lakini tukimpasua ng'ombe na kutazama yaliyomo ndani, tunakuta moyo, ini, figo, utumbo na nyongo. Yote ni maneno ya Kibantu. Hata sarufi yashuhudia. Moyo wingi wake ni mioyo, kama mti na miti. Bali roho, neno lililotoka Kiarabu, halibadiliki, iwe roho moja au roho mia.

Jamaa za moyo wametapakaa. Kwa Waganda omwoyo ni roho. Kwa Wakikuyu muoyo ni uhai. Kiungo chenyewe Waganda hukiita omutima, Wanyarwanda umutima, na wasemao Kilingala motema. Kiswahili nacho kina mtima, ambalo siku hizi twalikuta zaidi katika mashairi. Hivyo basi Kiswahili kimerithi maneno yote mawili. Moyo likabaki na kiungo pamoja na ushujaa, na sehemu kubwa ya kazi ya omwoyo ikachukuliwa na mgeni, roho.

Kwa nini nyama ipewe heshima ya ushujaa? Aliyewahi kulinda zamu ya usiku anajua: hofu ikija, moyo ndio wa kwanza kupiga mbio, na ukitulia, mkono nao hutulia. Wazulu waliweka ushujaa penginepo. Kwao isibindi ni ini, na ndiyo ujasiri pia. Nasi twasema maneno makali hukata maini.

Hapo ndipo jambo linapotugusa. Hapa Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini tangu enzi za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kuwa ni lugha ya taifa. Lakini raia wengi walikisikia kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki: simama, kaa chini, lete. Maneno hayo yaliwakata maini, nao wakaichukia lugha kwa sababu ya msemaji. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Hata hivyo hakuna sheria iwezayo kumwamuru mtu aipende lugha.

Kazi hiyo ni yetu, ndugu askari na polisi. Mzee anayesimamishwa kizuizini huenda hajui neno amri, lakini akisikia moyo atatambua sauti ya omwoyo wake. Tumsalimu kwanza, tumwite mzee, ndipo tumwombe kitambulisho. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri; na heshima ni kitu ambacho hata askari asiye na senti mfukoni anaweza kukitoa.