Moto mmoja, dadu nane: swali lenye kugawanya meza za Dungeons & Dragons

Mchawi ananyoosha kidole. Mbele yake, ndani ya ukumbi wa mawe, kuna maadui kumi wenye mashoka. Katikati yao amebaki rafiki yake mmoja ambaye hakupata nafasi ya kukimbia. «Ninatupa moto», anasema mchezaji, na anachukua dadu nane mkononi. Hapo swali linatokea: dadu hizi ni za wote kumi na mmoja kwa pamoja, ao kila mmoja atatupiwa zake?

Tusieleweke vibaya: uchawi huu ni wa hadithi tu. Tunazungumza juu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wasomaji wa Kifaransa wanaujua kwa jina la Donjons et Dragons. Kila mchezaji anaongoza mtu mmoja wa hadithi: askari, mwizi, mchawi. Msimamizi wa mchezo anaelezea mahali na anaongoza maadui. Kila kiumbe kina pointi za uhai. Zikifika sufuri, kinaanguka. Na kila mara matokeo hayajulikani, dadu ndizo zinakata shauri.

Mchezo huo ulitoka katika michezo ya vita, yenye kuchezwa na vinyago vidogo vya askari. Mwaka wa 1971, Gary Gygax na Jeff Perren, wote Waamerika, walitoa kitabu cha kanuni chenye jina Chainmail. Mwishoni waliongeza sehemu ya wachawi na mazimwi. Moto wa mchawi ulihesabiwa kama pigo la mtambo mkubwa wa kurusha mawe, na radi yake kama pigo la mzinga. Kwa hiyo tangu mwanzo moto huo ulikuwa silaha ya kupiga eneo zima, si mtu mmoja.

Mwaka wa 1974, Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons yenyewe, nakala 1.000 kwa mara ya kwanza. Ndani yake moto ule ulipewa dadu za pande sita, dadu moja kwa kila daraja la mchawi. Kadiri mchawi alivyopanda, ndivyo mkono wa dadu ulivyojaa.

Kanuni inasema nini

Katika toleo la tano, lililotoka mwaka wa 2014, moto huo unafunika duara yenye kufika karibu mita sita kila upande kutoka katikati. Pigo lake ni dadu nane za pande sita, ni kusema kati ya 8 na 48, na wastani wake ni 28. Kila mwenye kuwa ndani anatupa dadu yake ya pande ishirini ili kujaribu kujiokoa. Akishindwa, anapokea pigo lote. Akifaulu, anapokea nusu.

Juu ya swali letu, kanuni ya toleo hilo iko wazi: pigo likiangukia wengi kwa wakati mmoja, dadu za pigo zinatupwa mara moja kwa wote. Sababu ya kwanza inaonekana kwa macho. Watu kumi na mmoja mara dadu nane ni dadu 88 za kutupa na kujumlisha, na wengine wote mezani wanangojea.

Lakini wenye kupinga wana hesabu yao pia, na hesabu hiyo haidanganyi.

Wastani ni ule ule, bahati si ile ile

Tuchukue orki wa toleo hilo la 2014: ana pointi 15 za uhai. Akishindwa kujiokoa, karibu hakika anakufa. Akifaulu, anapokea nusu, na nusu hiyo inashushwa ikiwa si namba kamili. Dadu zikileta 29, anapokea 14 na anabaki na pointi moja. Zikileta 30, anapokea 15 na anaanguka. Nafasi ya kupata 30 ao zaidi ni karibu 38 juu ya 100.

Sasa tuseme orki watano wamefaulu kujiokoa. Dadu zikitupwa mara moja kwa wote, kuna njia mbili tu: mara 62 juu ya 100 wote watano wanabaki hai, na mara 38 wote wanakufa. Kila mmoja akitupiwa dadu zake, mambo yanageuka: wote kubaki hai ni karibu mara 9 tu juu ya 100, na wote kufa haifiki hata mara moja. Karibu kila mara wengine wataanguka na wengine watabaki. Wastani wa wafu ni ule ule kwa njia zote mbili. Chenye kubadilika ni kwamba kutupa mara moja kunawafunga wote katika bahati moja.

Jambo hilo linauma zaidi moto ukielekea upande wa wachezaji. Zimwi jekundu lililokomaa, katika toleo hilo hilo, linatema moto wa dadu 18. Dadu hizo zikipanda sana, kundi zima linaweza kuanguka kwa pumzi moja, na watu wa hadithi ambao wenyewe wamewachunga kwa miezi wanaisha pamoja. Kila mmoja akiwa na dadu zake, kuna nafasi kubwa zaidi kwamba mmoja atabaki amesimama ili kuwavuta wenzake. Msimamizi mwenye kuogopa hayo ana njia ya tatu: kitabu kimeandika pia wastani wa pumzi hiyo, 63, na anaweza kuutumia bila kutupa dadu hata moja.

Hata hivyo, kanuni ya kutupa mara moja haimwachi mtu bila kitu. Moto ni mmoja, nguvu yake ni moja. Chenye kutofautiana ni namna kila mtu anavyouepuka. Mmoja anaruka nyuma ya nguzo, mwingine anachelewa. Tofauti hiyo tayari iko katika dadu ya kujiokoa, ambayo kila mmoja anatupa kwa mkono wake. Kutupa pigo la kila mtu peke yake ni kuhesabu bahati ile mara mbili.

Na yule rafiki katikati ya maadui? Kanuni haimsahau. Mchawi aliyejifunza zaidi uchawi wa aina hiyo anaweza kuchagua watu wachache ambao moto wake hautawagusa. Asiyejifunza atamhesabia mwenzake dadu zile zile za maadui.

Kwa hiyo njia ya kutupa mara moja ndiyo nzuri kwa meza nyingi: ni ya haraka, na inafuata maana ya moto wenyewe. Meza yenye kupenda njia nyingine haikosei, ikiwa imepatana mbele ya mchezo kuanza. Kubadilisha kanuni wakati dadu ziko tayari mkononi, na rafiki yuko katikati ya moto, ndiko kunaleta ugomvi.