Kipaza sauti kilichomeza ‘ha’

MWAKA jana nilihudhuria kikao cha ushirikishaji wa umma katika ukumbi mmoja ulio kati ya Malindi na Kilifi. Ajenda ilikuwa ada za soko. Nilikuwa nimeketishwa mbele pamoja na wageni, kwa hivyo nilimsikia vyema afisa aliyekuwa jukwaani akisema: “Ada ya soko haitapanda mwaka huu.” Safu za nyuma zikalipuka. Mama mmoja muuza samaki akasimama na kufoka: “Itapanda vipi na sisi hata hatujauza?” Afisa akadhani anatukanwa. Kikao kikavunjika kabla ya saa sita, na karatasi ya mahudhurio ilikuwa imejaa sahihi.

Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Sahihi zile bila shaka zitahesabiwa kuwa ushahidi wa ushiriki. Je, mtu aliyesikia kinyume cha kilichosemwa alishirikishwa katika nini?

Baadhi ya wageni walimcheka yule mama. Mimi sikucheka, kwa sababu masikio yake hayakuwa na kosa. Kiswahili huubeba ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, mara nyingi katika silabi moja tu: ‘ha’. Sauti /h/ nayo ni pumzi tupu, miongoni mwa konsonanti dhaifu kabisa tulizo nazo. Kabla yake, katika sentensi ya afisa, kulikuwa na ‘ko’ ya ‘soko’. Ukumbi una kuta za saruji, sakafu ya vigae na mabati juu. Humo irabu haifi upesi. Inagonga ukuta, inarudi, inavuma. Uvumi wa ‘o’ ulikuwa bado unazunguka ‘ha’ ilipotamkwa, ukaifunika. Kilichofika nyuma ni ‘itapanda’.

Jambo hili linaihusu lugha yetu kwa namna ya pekee. Nguvu ya usemi imo zaidi katika irabu, ilhali kazi kubwa ya kutenga neno na neno hufanywa na konsonanti: saa, taa, kaa, faa, baa. Na kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, karibu kila konsonanti hufuata nyuma ya irabu iliyo tayari kuimeza. Huku pwani kuna la ziada. Wazee wetu hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa mpumuo tu. Mpeni mzee kama huyo maiki mbovu, muone kama paa wake hatageuka mabati!

Watu walipolalamika, kauli iliyotoka jukwaani ilikuwa ile ile tunayoisikia matangani, harusini na kwenye mikutano ya kampeni: “Fundi, ongeza sauti!” Fundi akaongeza. Lakini ukiongeza sauti, unaongeza neno pamoja na mwangwi wake kwa kipimo kile kile. Maiki ikaanza kupiga mluzi, maana spika zilikuwa nyuma ya msemaji na maiki ikawa inasikia spika yake yenyewe.

Nadhani msamiati wetu umechangia. ‘Kupaza’ ni kupandisha, kufanya kitu kipae. Kwa hiyo jina ‘kipaza sauti’ linaahidi ukubwa wa sauti, haliahidi kueleweka. Isitoshe, neno hilo hilo tunalitumia kwa kifaa anachoshika msemaji na kwa sanduku linalotoa sauti. Niliwahi kumpigia simu fundi mmoja wa Malindi nikamwomba vipaza sauti viwili. Akaniuliza, “Mwalimu, vya kusemea au vya kusikilizia?” Swali zuri kuliko ombi langu. Tangu siku hiyo nasema maiki na spika, wasanifishaji wanisamehe.

Ushauri mzuri basi huanza na kuuliza vizuri. Usimuulize fundi mitambo yake ina wati ngapi. Mpeleke mahali penyewe kabla ya siku ya shughuli, umwambie watu wataketi wapi na kwamba watakuja kusikiliza maneno, si muziki. Fundi anayefaa atakuuliza mengi kabla ya kutaja bei. Kama mkutano ni uwanjani, atauliza upepo. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo hupinda kuelekea juu na kuwapita watu vichwani, hivyo wakati wa kusi ni afadhali jukwaa liwe upande wa kusini na watu wapokee sauti pamoja na upepo.

Atataka pia kuweka spika za ziada karibu na watu wa nyuma badala ya kuzidisha za mbele. Hapo pana mtego. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika ya ziada ikiwa mita 34 kutoka jukwaani, aliye karibu nayo husikia neno mara mbili: kwanza kutoka kwayo, kisha, baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, kutoka mbele. Kwa msemaji wa silabi tano au sita kwa sekunde, huko ni kuchelewa kwa nusu silabi, na ‘ko’ itaimwagikia ‘ha’ tena. Fundi anayejua kazi ataichelewesha spika ya nyuma ili sauti mbili zifike pamoja. Msemaji naye asogeze maiki: kutoka sentimita 40 hadi 10 mbele ya mdomo ni faida ya desibeli kama 12, bila kulipa shilingi.

Na majaribio yasiwe “halo, halo, moja, mbili”. Sote tunajua kwamba baada ya moja huja mbili. Hata kiziwi angekisia. Wahandisi wa simu wa Bell nchini Marekani, akina Harvey Fletcher, walilijua hilo karne iliyopita, wakapima mitambo kwa silabi zisizo na maana ili msikilizaji asiweze kubahatisha. Sisi tuna jozi zetu: haitapanda, itapanda, hawalipi, walipi... la, hiyo ya pili si sentensi. Hawatalipa, watalipa.

Kikao kilirudiwa wiki tatu baadaye, mara hii nje, chini ya miembe. Niliomba kijana asimame mstari wa mwisho na kurudia kila neno nililosoma kwenye maiki. Alikosea manne kati ya 20. Fundi akashusha sauti nzito, akageuza spika moja, tukarudia. Akakosea moja.

Afisa akaeleza upya kuhusu ada, na kuhusu leseni mpya ambayo mara ya kwanza hatukufika kuijadili. Yule mama muuza samaki akanyoosha mkono kutoka nyuma.

“Leo tumekusikia vizuri, bwana,” akasema. “Hatukubali.”