Filamu ya Dakika Moja: Darasa la Kwanza la Mpiga Sinema

Barabara itokayo Bujumbura kwenda Uvira huvuka mto Rusizi, kisha hupita Gatumba kabla ya kufika mpakani mwa Kongo. Ni mahali pa wavuvi, wakulima na wafanya biashara, ambapo Kiswahili husikika sokoni bega kwa bega na Kirundi. Mwezi wa Aprili 2020 mto huo ulifurika, ukaingia majumbani, na maelfu ya watu wakalazimika kuhama. Miaka iliyofuata maji yalirudi tena. Picha nyingi zilipigwa siku hizo, na nyingi kati yake zilionyesha maji tu. Chache zilionyesha yale ambayo watu waliyafanya maji yalipopungua. Kijana anayetaka kujifunza sinema hana haja ya kutafuta hadithi mbali zaidi ya hapo.

Burundi si ngeni katika kazi hii. Mwaka 1992 Léonce Ngabo alitoa filamu ndefu iitwayo Gito l'ingrat. Mwaka 2007 kituo cha mafunzo kiitwacho Burundi Film Center kiliwafundisha vijana wa nchi hiyo kwa njia ya kutengeneza filamu fupi. Mwaka 2010 ikatoka Na Wewe, iliyoongozwa na Mbelgiji Ivan Goldschmidt, yenye urefu wa dakika 19. Inasimulia habari za abiria wa basi dogo wanaosimamishwa njiani na watu wenye silaha wakati wa vita vya mwaka 1994. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu fupi. Barabara moja, basi moja na swali moja vilitosha.

Ufupi si jambo la kuonea haya. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu wa Paris sinema kwa malipo, kila filamu ilichukua chini ya dakika moja.

Zoezi lenyewe

Mwanafunzi na apewe masharti haya: mahali pamoja, watu wawili, tendo moja, vipande sita vya picha, wala lisitamkwe neno hata moja. Hadithi iwe hii: mtoto anaanika madaftari yake yaliyolowa mafurikoni.

Kipande cha kwanza kipigwe kwa mbali, kionyeshe nyumba na alama ya matope ukutani, ili mtazamaji ajue yuko wapi. Cha pili kipigwe kwa umbali wa wastani: mtoto ameketi kizingitini, daftari limo mapajani. Cha tatu kiwe cha karibu sana: vidole vikijaribu kutenganisha kurasa zilizogandamana. Cha nne kionyeshe uso wake. Cha tano kionyeshe mikono ya mama ikiweka kijiwe juu ya ukurasa ili upepo usiuchukue. Cha sita kirudi mbali: madaftari yamepangwa juani, kila moja na kijiwe chake.

Kabla ya kupiga picha, vipande hivyo sita vichorwe kwenye karatasi, hata kama mchoraji hajui kuchora. Asiyeweza kuchora anachokitaka, aghalabu hajakijua bado.

Mkono, jua na mstari

Simu ya mkononi yatosha kwa zoezi hili. Kioo chake kipanguswe kwa kitambaa safi, ilazwe kwa upana, nayo iegemezwe juu ya kiti au ukuta, kwa maana mkono hutetemeka hata pale mwenyewe anapodhani umetulia. Kila kipande kipigwe kwa muda wa sekunde kumi bila kuzungusha simu huku na huku. Wanaoanza hupenda kuonyesha kila kitu kwa mara moja, na matokeo yake mtazamaji haoni hata kimoja.

Jua likiwa nyuma ya mtoto, uso wake utakuwa mweusi. Lililo bora ni asubuhi au alasiri, mwanga ukitokea ubavuni.

Kisha kuna kanuni ya mstari. Mtoto na mama wakitazamana, mpiga picha na adhani kwamba kamba imefungwa kati yao. Akianza upande mmoja wa kamba hiyo, abaki upande huo huo. Akiivuka, mtoto aliyekuwa akitazama kulia ataonekana akitazama kushoto, na mtazamaji atapotea.

Ushonaji wa picha

Uhariri ni kama kazi ya fundi cherehani: kitambaa ni kile kile, mkato ndio unaoleta vazi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwalimu wa sinema wa Urusi, Lev Kuleshov, aliuunganisha uso ule ule wa mwigizaji na picha mbalimbali, ikiwamo ya chakula na ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mara moja na majonzi mara nyingine, hali uso haukubadilika hata kidogo. Hivyo basi, mtoto wa zoezi hili hana haja ya kulazimishwa kulia. Kurasa zilizogandamana zikitangulia, uso wake mtulivu utasema yote.

Sauti nayo isisahauliwe. Upepo ukipiga moja kwa moja kwenye simu huharibu kazi yote. Ni vyema kurekodi peke yake mlio wa karatasi, simu ikiwa karibu, kisha kuupandikiza baadaye.

Ruhusa na heshima

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Gatumba ina majeraha yasiyo ya maji peke yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kikongo zaidi ya 150 waliuawa katika kambi iliyokuwa hapo. Mtu aliyepoteza nyumba au jamaa si kifaa cha mazoezi. Hapana budi aulizwe kwanza, aelezwe picha itaonyeshwa wapi, na akikataa, neno lake liheshimiwe. Kwa habari ya mtoto, mzazi ndiye mwenye kuamua. Kazi ikimalizika, wao wawe watazamaji wa kwanza. Wakiona kipande kinachowavunjia heshima, kiondolewe.

Kadhalika daraja, kituo cha mpakani na askari walio kazini visipigwe picha bila idhini ya wakuu wanaohusika. Familia za askari na polisi zaelewa vyema sababu yake, nazo zaweza kuwaeleza vijana wao mapema, kabla simu haijachukuliwa na kazi ya siku nzima kupotea.

Zoezi likitimia, filamu yote itachukua yapata dakika moja. Pengine haitaonyeshwa popote isipokuwa sebuleni, mbele ya jirani wachache. Lakini aliyeitengeneza atakuwa amejifunza kuchagua, kusubiri, na kuomba ruhusa. Naye mama wa madaftari atakuwa ameona kwamba kile kijiwe alichokiweka bila kufikiri kilistahili kutazamwa.