Chombo cha angani hakishiki kutu: kupaka na kuchakaza modeli za rezini

Mpwa wangu alikuja nyumbani jioni moja na mfuko mkononi, uso umemshuka. Ndani ya mfuko mlikuwa na modeli ya chombo cha angani ambayo babake alimletea kutoka Dubai, zile za kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande. Alikuwa ameshaiunganisha, akaipaka rangi ya kijivu, kisha akaizungushia kutu ya rangi ya chungwa kila pembe. Alipobandika utepe ili apige mstari mwekundu ubavuni, utepe ukatoka na rangi yote kama ganda la ndizi.

"Mjomba, wameniuzia rangi feki," akaniambia.

Rangi haikuwa feki. Makosa yalikuwa mawili: moja la kuosha, jingine la kufikiri. Kulikuwa na la tatu pia ambalo hakulijua, na hilo ni la kifua. Kwa kuwa yeye si wa kwanza kuniuliza mambo haya, nimeona niyaandike.

Tuanze na rezini yenyewe. Modeli nyingi za dukani ni za plastiki, hutolewa na mashine kwenye kalibu ya chuma. Kalibu hiyo ni ghali mno, na kiwanda hakiitengenezi mpaka kiwe na hakika ya kuuza maelfu. Rezini ni njia ya asiye na kiwanda. Mtu huchonga kitu chake kimoja, hukifunika kwa mpira wa silikoni, mpira ukishika hukitoa kile kitu, pakabaki uwazi wenye umbo lake. Kisha huchanganya maji mawili ya poliyurethani, akayamimina mle, na baada ya dakika kadhaa yamekuwa magumu kama pembe. Mpira huo huchoka baada ya kumiminwa mara makumi machache tu, kwa hiyo modeli za namna hii hutoka chache. Huko Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapenzi wa filamu na katuni walikuwa wakizimimina majumbani mwao, vitu ambavyo hakuna kampuni ingejisumbua navyo. Kufika katikati ya miaka hiyo wakawa na tamasha lao, Wonder Festival, ambalo lipo hadi leo. Wenye haki za filamu na katuni hutoa ruhusa ya siku ileile tu ya tamasha: unauza leo, kesho hairuhusiwi.

Sasa, ili kipande kitoke kwenye kalibu bila kuirarua, mara nyingi kalibu hupakwa mafuta maalum ya kuteleza. Mafuta hayo hubaki juu ya kipande. Wewe huyaoni, lakini rangi inayaona. Ukipaka juu yake ni sawa na kupaka chokaa kwenye sufuria iliyokaangiwa samaki. Dawa yake ni rahisi hata inaudhi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani. Sugua kila ufa, suuza, acha vikauke kabisa, na baada ya hapo usivishikeshike na vidole vya mafuta. Mpwa wangu alikuwa amevifuta kwa kitambaa kikavu.

Kipande kikija kimepinda, usikilazimishe. Kitie kwenye maji ya moto, si lazima yachemke, kitalegea. Kinyooshe, kisha kiingize kwenye maji baridi kigande hivyo. Gundi ya modeli za plastiki haifai hapa, kwa sababu kazi yake ni kuyeyusha plastiki ili ishikane, na rezini haiyeyuki kwayo. Tumia supagluu au epoksi. Na wale wanaotaka kumimina wenyewe hapa kwetu Pwani wajue kwamba mojawapo ya yale maji mawili hugombana na unyevu. Yakipata maji, hata ya hewani, hutoa gesi na rezini huumuka kama mahamri. Kopo lililoachwa wazi kwenye joto letu la bahari halichelewi kuharibika.

Hapa naomba tusimame kidogo. Dadangu alikuwa ameshanilalamikia kwamba mashuka ya watoto yana unga mweupe, na hajui unatoka wapi. Nilipomuuliza mpwa wangu anapiga msasa wapi, akasema chumbani, usiku, feni ikizunguka. Chumba hicho analala na wadogo zake wawili. Vumbi la rezini ni jembamba sana, na lile jembamba zaidi haliishii puani, hushuka hadi ndani ya mapafu. Kwa hiyo tumia msasa wa maji, na upige msasa kipande kikiwa kimelowa, ili unga ubaki majini usiruke. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi inayobana usoni, si kitambaa. Fanyia kazi nje au barazani, na ukimaliza pangusa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Maji yenyewe ya kumimina ni hatari zaidi kuliko unga, kwa kuwa ndani yake mna kemikali za isosayaneti zinazojulikana kuleta pumu, na mwili ukishazikataa mara moja, hata kiasi kidogo baadaye huweza kumshika mtu. Rezini ile ya mashine za kuchapisha maumbo nayo usiishike kwa mikono mitupu kabla haijagandishwa kwa mwanga. Kijana akikwambia "ni kidogo tu", mtoe nje na kidogo chake.

Vipande vikiwa safi na laini, hufuata praima. Rezini inaihitaji kuliko plastiki. Pulizia tabaka nyembamba mbili badala ya moja nene, na usipulizie siku ya unyevu mwingi, maana rangi huingia ukungu mweupe.

Basi tuje kwenye kuchakaza, ambako ndiko kwenye utamu. Zamani vyombo vya angani vya filamu vilikuwa safi. Tazama 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968: vyeupe, vinang'aa kama vimetoka kiwandani asubuhi ile. Mwaka 1975 George Lucas alianzisha karakana ya Industrial Light & Magic huko Van Nuys, California, kwa ajili ya Star Wars iliyotoka 1977. Yeye alitaka dunia iliyotumika. Mafundi wake wakanunua masanduku ya modeli za vifaru, meli na ndege, wakavunja vipande vyake na kuvibandika juu ya vyombo vyao, hata ukikitazama chombo unaona mabomba na mitambo usiyoijua kazi yake lakini unaiamini. Kisha wakavipaka masizi, mafuta na mikwaruzo. Millennium Falcon, ambayo modeli yake kubwa ina urefu wa takriban futi 5, inaonekana kama lori la mizigo ambalo mwenyewe hana pesa za gereji. Miaka michache baadaye, mwaka 1982, Mjapani Kow Yokoyama akaanza kuchapisha katika jarida la Hobby Japan mavazi yake ya kivita ya karne ya 29, yale yanayoitwa leo Maschinen Krieger. Huyu sifa yake ni kupaka kwa brashi, na alama za brashi haziogopi.

Tangu hapo kila mtu anachakaza, na wengi, kama mpwa wangu, wanachakaza ovyo. Wanatia kutu.

Kutu inataka chuma, maji na hewa. Chumvi huichochea, sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa hilo, mabati yetu na milango ya magari yetu imetufundisha. Angani hakuna hewa wala maji. Isitoshe, vyombo vingi hutengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haitoi kutu nyekundu hata ukiizamisha. Chombo kilichopita kati ya nyota miaka mia hakina sababu ya kuwa na rangi ya chungwa kila pembe.

Mfano tunao hapahapa. Nje ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, yamesimama baharini majukwaa ya chuma ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita. Kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zilirusha setilaiti kutoka pale, na mojawapo, iliyoruka tarehe 12 Disemba 1970, ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kutafuta eksirei za angani. Roketi ilikaa pale muda mfupi kisha ikaenda zake. Jukwaa ndilo lililobaki na chumvi mwaka baada ya mwaka. Ukitaka kupaka kutu, ipake jukwaa.

Chombo chenyewe basi kinachakaa vipi? Inategemea kimetoka wapi. Wanaanga wa Apollo 17, Disemba 1972, walirudi ndani ya chombo chao nguo zimekuwa za kijivu kwa vumbi la mwezi. Walisema lina harufu kama baruti iliyokwisha kulipuka, na Harrison Schmitt puani alipata kama mafua ya vumbi. Vumbi hilo hukwaruza vibaya, kwa sababu mwezini hakuna upepo wala maji ya kulisugua chembe zake zikawa duara kama mchanga wetu wa ufuoni. Kwa hiyo chombo cha mwezini kichafue kuanzia miguuni, kijivu, kikififia kwenda juu, na mikwaruzo pale watu wanapopita. Usikipige michirizi ya mvua, maana mvua hakuna. Kilichorudi duniani kitakuwa kimeungua upande mmoja, ule ulioingia kwanza kwenye hewa. Cha Mirihi kitie vumbi jekundu. Huko upepo upo.

Ukishajua hayo, mbinu ni nyepesi. Kwa rangi iliyobanduka, paka kwanza rangi ya chuma, ikikauka pulizia vanishi, halafu dawa ya nywele ya kupulizia, halafu rangi ya juu ya akriliki. Lowesha kwa brashi na maji, usugue taratibu: dawa ya nywele huyeyuka chini na rangi ya juu hutoka vipandevipande, kama ubavu wa mashua ulioguguna gati. Fanya hivyo mlangoni, kwenye ngazi na pembe zinazoshikwa, si kila mahali. Kwa uchafu wa kwenye maungio, rangi ya mafuta ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, juu ya vanishi, kisha ifute. Masizi ya injini yatatoka kwenye unga wa mkaa au chaki iliyosagwa. Kama hujui mchirizi unavyokwenda, nenda Bandari ya Kale ukatazame chini ya msumari wowote: huanza mweusi na mpana, hushuka ukiwa mwembamba, na hauendi upande ila kitu kimeusukuma.

Na uache mapema. Modeli nyingi huharibika katika ile nusu saa ya mwisho, wakati mtu ameshamaliza lakini brashi bado iko mkononi.

Rangi ya mpwa wangu tuliibandua yote kwa utepe uleule, maana haikuwa imeshika popote. Akaosha vipande barazani kwa mswaki, na kabla hajapaka chochote nikamuuliza chombo kimetoka wapi. Akafikiri sana. "Mwezini, mjomba. Kinapeleka mizigo, kinarudi." Sasa kiko juu ya kabati la mamake, miguu ya kijivu, tumbo limeungua. Kutu ameitia mahali pamoja tu, kwenye ngazi ndogo ya kupandia. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ngazi ni ya chuma, na chombo kikienda safari wao huiacha nje, Ngomeni.